Injini ya Mvuke na Maksai Wangu

Nimeishi na ng'ombe maisha yangu yote. Nilikulia kwenye boma la ng'ombe, nikaolewa kwa ng'ombe, na mume wangu alipofariki aliniachia maksai wanne na plau. Hao ndio waliosomesha watoto wetu. Kwa hiyo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliponipigia simu asubuhi moja baada ya palizi na kuniuliza kama maksai wangu wanaweza kuvuta injini, sikushtuka. Nilidhani kuna gari limekwama kwenye tope. Mvua zilikuwa hazijakatika, na barabara zetu za pembezoni mwa Turwa tunazijua.

"Gari la nani?" nikamuuliza.

"Siyo gari, shemeji. Njoo kwanza huku kwangu, nitakueleza."

Kwake maana yake ghalani. Shemeji alikuwa fundi wa malori miaka mingi, na alipoacha kazi alikodi ghala kuukuu lililowahi kuhifadhi kahawa, akaanza kulijaza vitu ambavyo watu walikuwa wanavitupa. Juu ya mlango akaandika kwa rangi ya buluu: MAKUMBUSHO YA MASHINE, USAFIRI NA MAWASILIANO. Watu walipita wakasoma, wakatabasamu, wakaendelea na safari zao za sokoni. Mimi mwenyewe nilikuwa napita pale kila siku na dumu langu la maziwa nikielekea Bomani, na sikuwahi kuingia. Nilidhani najua kilichomo. Vyuma.

Nilimkuta mlangoni akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Akanifungulia, nikaingia.

Macho yalichukua muda kuzoea giza la mle ndani, kisha vitu vikaanza kujitokeza kimoja kimoja. Kulikuwa na redio za mbao, kubwa kama kabati la vyombo. Kulikuwa na mashine za kuchapia zimepangwa kwenye benchi, baiskeli za breki za vyuma, na kinu cha kusagia kilichokuwa cha kwanza kufika kwetu, ambacho mama yangu alikuwa akikifuata kwa miguu na debe la mahindi kichwani. Nilikitambua kwa mdomo wake uliopinda. Kulikuwa na kioo cha mbele cha basi lililokuwa likienda Musoma enzi za utoto wangu, maandishi ya safari bado yanasomeka. Ukutani kulikuwa na ubao wa simu wa zamani, wenye matundu mengi na nyaya za kuchomeka, ambao mtu mmoja alikuwa akikaa mbele yake na kuunganisha maongezi ya mji mzima.

Shemeji alinipa mkono wa simu nyeusi, mzito kama jiwe, akaniambia niuweke sikioni. Kisha akatembea mpaka mwisho wa ghala, akanyanyua mwingine, akanipa mgongo.

"Shemeji, umeamkaje?"

Sauti ilikuwa ndogo, inakwaruza, lakini ilikuwa ndani ya sikio langu, na mwenyewe alikuwa kule mbali ameelekea ukutani. Waya ulikuwa unaning'inia kwenye boriti. Niliufuata kwa macho, kutoka kwake mpaka kwangu. Nina simu ya mkononi kama watu wote. Saa hiyo hiyo ilikuwa mfukoni mwa gauni langu. Naongea nayo na mwanangu aliyeko Mwanza, nalipia nayo dawa za ng'ombe, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza sauti inapita wapi. Lakini waya ule, kwa sababu niliuona, ulinisisimua mwili mzima. Shemeji alirudi akasimama mbele yangu, na mimi bado nimeshikilia ile simu sikioni.

"Kumbe ndivyo," nikasema.

Akacheka, akaweka simu mahali pake, ndipo akanieleza habari ya injini. Ilikuwa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, kwenye bonde moja lililochimbwa dhahabu enzi za Wazungu. Ilikuwa injini ya mvuke, ya kula kuni na maji, na kazi yake ilikuwa kuzungusha mashine ya kuponda mawe. Hiyo ya kuponda ilishatoweka zamani. Injini ilibaki. Vijana wachimbaji, ambao siku hizi wanachimba tena kule, ndio waliompa habari.

"Lori halifiki bondeni," akasema. "Na wanunuzi wa chuma chakavu wameshakwenda na mitungi ya gesi ya kukatia. Tusipoitoa, itaondoka vipande vipande."

"Mwenye shamba anasemaje?"

"Mwenye shamba ni bibi kizee. Hao wa chuma chakavu amewafukuza. Sijui kama na mimi nitafukuzwa."

Wiki ile ile tulikwenda na pikapu yake. Tulivuka Mara ukiwa umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa, tukapita Mugumu, tukashika njia ya kuelekea Ikoma. Baadaye tukaiacha barabara, tukafuata njia ya ng'ombe mpaka tulipoona maturubai ya wachimbaji, watu wa Geita, wa Kigoma, wa Shinyanga, na juu yao kidogo nyumba ya yule bibi. Tulimkuta uani anaanika ulezi.

"Shikamoo, bibi," tukasema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kumwona mzee?"

Shemeji akaitikia ndiyo, tena akaanza kutoa pole, akidhani mume wa bibi ni mgonjwa. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee wangu alishalala siku nyingi. Nasema yule." Akanyoosha fimbo yake kuelekea bondeni.

Tuliteremka naye. Aliongoza yeye, taratibu, huku akisukuma matawi kwa fimbo. Mwanzoni niliona kichaka tu, kisha ndani ya kichaka nikaona duara. Lilikuwa gurudumu la chuma, lenye kunifika mabegani, limesimama juu ya kitu kirefu kama pipa kubwa lililolazwa. Mtini ulikuwa umeota chini yake, ukapenyeza shina kati ya mikono ya gurudumu, ukanenepa humo humo. Mbele kulikuwa na bomba la moshi lililolala, na nyuma mlango wa tanuri ulio wazi, mweusi ndani. Kitu chote kilikuwa kimekaa juu ya magurudumu manne ya chuma yaliyozama ardhini mpaka katikati.

Nimewahi kuona mashine kubwa. Pale mgodini Nyamongo nimeona malori ambayo tairi moja peke yake linamfunika mtu. Lakini hayo huwa yanapita, yana kelele na haraka, na mtu anayakwepa. Hii ilikuwa imenyamaza. Ilikuwa imekaa pale mvua baada ya mvua, nyasi zinaota na kuungua, tembo wanapita, na yenyewe ipo. Nikaweka mkono kwenye ubavu wake. Jua lilikuwa limeupasha joto, na kwa mtu aliyezoea kushika ng'ombe kila siku, lile joto lilikuwa kama la mnyama, siyo la chuma. Niliondoa mkono, kisha nikaurudisha.

"Baba yangu ndiye alikuwa anamlisha," bibi akasema. "Kuni asubuhi, kuni mchana. Alikuwa hashibi, huyu. Mimi nilikuwa namletea baba uji, nasimama pale kwenye jiwe. Ukikaribia zaidi joto linakuchoma uso."

Nikagundua kwamba hakuwahi kusema "hii" wala "hiyo." Siku zote alisema huyu, yule, alikuwa, alikula.

"Alifikaje huku, bibi?" shemeji akauliza. "Njia hakuna."

"Alikuja kwa ng'ombe. Baba yangu aliona, akiwa kijana. Walimvuta kutoka ziwani, ng'ombe wengi, na watu walitoka majumbani kutazama vumbi peke yake, kabla hawajajua linaleta nini."

Shemeji akanitazama. Nilijua anachofikiri, maana nami nilikuwa nakifikiri.

Tukamweleza nia yetu. Bibi alisikiliza ameegemea fimbo, kisha akauliza ng'ombe watakuwa wa nani.

"Wangu, bibi," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi."

Akaichukua mikono yangu, akaigeuza, akatazama viganja. "Haya," akasema. "Amekuja kwa ng'ombe, ataondoka kwa ng'ombe. Ila asikatwe. Na akiondoka, nitakuwepo."

Ilibidi tungoje ardhi ikauke. Wachimbaji walifanya kazi ambayo sisi wengine tusingeweza. Wale vijana wanajua udongo. Walichimba kuzunguka magurudumu yale manne, wakatengeneza mteremko wa kutokea, wakatandika magogo chini. Waliukata ule mtini taratibu, kwa msumeno mdogo, vipande vidogo vidogo, ili gurudumu la juu lisivunjike. Shemeji alimwaga dizeli kwenye ekseli, akapaka grisi, akagonga, akamwaga tena, mpaka magurudumu ya chini yakakubali kucheza kidogo.

Mimi nilileta maksai wangu wanne kwa lori. Majirani wa bibi wakatoa wengine, tukapata jozi nane. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu wangu wanasikia Kikurya, na wale wa huko walifundishwa kwa Kiikoma, na jozi moja ilitoka kwa Wanata, wenye lugha yao. Siku ya kwanza tulifunga nira, tukaunganisha mnyororo, na kila mwenye ng'ombe akawaita wa kwake. Lilikuwa soko, siyo kazi. Jozi hii inavuta, ile imesimama, nyingine inageuka nyuma kutazama. Katikati ya makelele yale mnyororo ulikatika. Kipande kiliruka kikapita karibu na goti la mchimbaji mmoja, kikapiga mti, kikachana gome. Yule kijana alikwenda kwenye mti, akaweka kidole pale gome lilipochanika.

Nikasema tuache, tukaacha.

Jioni ile niliwaomba wenye ng'ombe jambo moja. Ng'ombe wote walale boma moja, na kesho yake wachungwe pamoja, wanywe maji pamoja, wapigane pembe kama watataka kupigana, kisha tuwafunge mchanganyiko, wa kwangu na wa kwao kwenye nira moja. Ng'ombe hawezi kuvuta na mgeni. Na nikasema atakayewaita awe mtu mmoja tu.

"Awe nani?" mzee mmoja akauliza.

"Mimi. Wangu ndio watatangulia."

"Mama, ng'ombe zangu hazijawahi kumsikia mwanamke."

"Basi tutawafundisha mluzi," nikamwambia. "Mluzi hauna mwanamke wala Kikurya."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Kesho yake tukawafundisha kwa kuvuta gogo kavu huku na huku kandokando ya bonde. Mluzi mrefu, tembea. Mfupi mara mbili, simama. Ilipofika jioni walikuwa wanajua, na yule mzee alikuwa wa kwanza kunijia na kusema wa kwake wameelewa haraka kuliko wote.

Siku ya kuvuta, watu walikuja wengi. Askari wa wanyamapori alikuja na bunduki yake, akasema tembo walipita karibu alfajiri, ila nadhani alitaka kuona tu. Bibi alikuwa amevaa gauni jipya na kitambaa cheupe kichwani. Alisimama nyuma ya mashine.

Niliwatazama maksai wangu wa mbele, mwekundu na mweusi. Nikawapa muda wa kupumua. Kisha nikapiga mluzi mrefu.

Mnyororo ulinyooka. Hakuna kilichotokea, ila shingo za ng'ombe zilishuka zote kwa pamoja, kama mtu amezisukuma kwa mkono mmoja. Mwekundu wangu akapiga magoti ya mbele, siyo kwa kuchoka, ndivyo maksai mzuri anavyofanya akitafuta nguvu ya chini. Mwenzake naye akapiga magoti. Nikaendelea na mluzi mpaka pumzi ikaniishia. Kisha nikasikia sauti kutoka ardhini, ya mizizi kukatika mmoja baada ya mwingine, na chini ya sauti hiyo nyingine nzito, kama mtu mkubwa anayeguna usingizini.

Ile mashine ikasogea.

Ilisogea kiasi cha mkono, ikasimama, ikasogea tena. Magurudumu ya chuma yalipopanda juu ya magogo yalilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mnyama wala kwa mtu. Kofia zilivuliwa. Naikumbuka sana ile, wanaume wakivua kofia bila kuambiwa, na mimi natokwa na machozi huku napiga mluzi, na machozi yanaharibu mluzi.

Tulipanda kilima siku nzima, tukipumzika kila tulipofika kwenye kivuli. Wachimbaji walikimbiza magogo kutoka nyuma kwenda mbele na kuweka mawe chini ya magurudumu kila tuliposimama. Pale kwenye kijito kikavu nilidhani imetushinda, kwa kuwa upande wa mbele ulizama mchangani. Tukaifungua jozi moja, tukaifunga ubavuni, tukaivuta mashine kwa pembeni kwanza, kisha mbele. Bibi alitembea nyuma mwendo wote. Kijana wa bodaboda alimwomba apande, akakataa. Alikuwa anatembea kama mtu anayesindikiza mgeni, anaposimama mgeni naye anasimama.

Jua lilikuwa limeegemea upande wa mbuga tulipofika barabarani. Lori lilikuwa limeegeshwa chini ya ukingo, sakafu yake sawasawa na ardhi, tukaiingiza moja kwa moja. Nilipowafungua nira, maksai walibaki wamesimama vile vile, wawili wawili, hawajui kwamba imekwisha. Shemeji alikwenda akakaa juu ya jiwe, akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi. Nilimwacha.

Kazi ya ghalani ilichukua miezi. Vijana wawili wa kule machimboni walimfuata shemeji mpaka Turwa, wakasema wamechoka kuchimba, wanataka kuona mwisho wa jambo hili. Pistoni ilikuwa imekwama. Walimwaga dizeli na mafuta ya breki, wakangoja, wakagonga kwa nyundo ya mbao, wakangoja tena. Mimi nilikuwa napita baada ya kupeleka maziwa, nachukua brashi ya waya, nakwangua kutu. Chini ya kutu palikuwa na rangi ya kijani, na kwenye ukingo wa gurudumu mstari mwembamba mwekundu ambao mtu fulani aliuchora kwa mkono, bila kutetereka, kuzunguka gurudumu zima. Mashine ya kuponda mawe, ya kwenda porini, na bado mtu alikaa akaichorea urembo. Niliufuata ule mstari kwa kidole mara nyingi.

Nilimuuliza shemeji lini atawasha moto.

"Moto hapana," akasema. "Ile boila ya kuchemshia maji imekonda kwa kutu. Nikiwasha itatulipukia sote. Tutaipa upepo badala ya mvuke. Pistoni haijui tofauti, inachotaka ni kusukumwa."

Akaazima kompresa kwa mtu wa matairi, ile ile inayojaza upepo malori, akaunganisha mpira wake kwenye injini. Siku moja kabla ya kujaribu, bibi aliletwa kwa pikapu. Alilala kwangu, akala kwangu, na asubuhi akaniomba nimsindikize ghalani kabla watu hawajawa wengi. Alipoiona imesafishwa, ya kijani, bomba la moshi limesimama wima, alisogea mpaka karibu, akasimama, akarudi nyuma hatua chache. Nikakumbuka alivyosema kuhusu joto la kuchoma uso.

"Amekuwa kijana," akasema.

Watu walijaa. Wanafunzi, mama za sokoni, mchungaji wetu, wafanyabiashara wawili waliovuka kutoka upande wa Kenya kupitia Sirari. Kompresa ikawashwa, ikanguruma muda mrefu. Shemeji akashika mpini mdogo wa shaba, akaufungua taratibu. Upepo ukatoka kila mahali, ssss, kama nyoka mia. Gurudumu halikusogea. Akafunga, akakaza nati, akafungua tena. Hapana. Nyuma yangu mtu akaguna.

Kisha shemeji akaweka mkono juu ya gurudumu, akalisukuma kidogo tu, kama unavyomsukuma ndama anayeogopa kutoka nje. Likaenda robo. Likasita pale juu. Likapita.

Pistoni ikatoka, ikarudi. Ikatoka, ikarudi. Mikono ya gurudumu ambayo nilikuwa naijua mmoja mmoja kwa kuikwangua ikaanza kupotea, ikawa ukungu, na ule mstari mwekundu ukabaki peke yake, duara moja linaloelea hewani, halitikisiki kabisa. Upepo wake ulinipiga usoni. Nilihisi sakafu inapumua chini ya miguu yangu. Chuma kilicholala porini muda wote huo, ndege wamejenga ndani yake, kilikuwa kinatembea mbele yangu bila ng'ombe, bila moto, na kila kitu ndani yake kinakumbuka zamu yake, hiki kikipanda kile kinashuka, hakuna kinachogongana na kingine. Nilimtafuta shemeji nimwambie kitu, nikamwona anatazama na mdomo wazi, naye ndiye aliyeifungua na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Nikamwinamia bibi. "Ndivyo alivyokuwa?"

"Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko hii," akasema. "Lakini ndiye."

Ndipo mmoja wa wale vijana akagusa mpini mwingine wa juu, ambao shemeji alikuwa ameufungua na kuusafisha bila kutuambia. Filimbi ikalia. Ilikuwa sauti ndefu, nzito mwanzoni kisha nyembamba, ikajaza ghala, ikatoka nje, na baadaye watu waliniambia waliisikia mpaka Bomani. Wengine walipiga kelele za furaha, wengine wakaziba masikio.

Bibi alikuwa amesimama. Sikumwona akiinuka. Alikuwa ameweka mikono mbele ya gauni kama anayefuta unga.

"Baba ametoka kazini," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayewaambia walioko jikoni. Akabaki amesimama vile mpaka filimbi ilipokwisha. Nilimshika kiwiko. Baada ya muda akanitazama, akanitambua, akakaa.

"Ilikuwa ikilia hivyo," akaniambia, "mama anasonga ugali. Ugali wa baba haukuwahi kupoa hata siku moja." Kisha akasema, "Mwambie asiipige tena leo. Imetosha."

Nikaenda nikamwambia shemeji, na haikupigwa tena siku ile.

Siku hizi kompresa ni ya makumbusho yenyewe. Yule mtu wa matairi aliiacha akaenda kununua nyingine. Injini inazungushwa siku za gulio, na wale vijana wawili ndio wanaoieleza kwa wageni, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiswahili na Kisukuma kidogo akikutana na watu wa kwao. Bibi alikuja mara mbili tena. Mara ya mwisho hakutaka kukaa kwenye injini. Alikaa kwenye ile simu nyeusi, mimi upande mmoja yeye upande wa pili, tukaongea mambo ya ulezi na ya wajukuu hadi shemeji akatuambia anataka kufunga mlango.

Mimi nimepewa kazi ya kuipaka injini mafuta. Napaka kwenye kila kiungo, kila Jumamosi, kwa kopo lenye mdomo mrefu, na baada ya kupaka nasimama kidogo kabla ya kuondoka, sina sababu, natazama tu. Kesho yake kanisani wanawake wenzangu wananisogelea, wananusa, wanasema mama wewe zamani ulikuwa unanuka maziwa.